Majaruba ya chumvi ndiyo yaliyonisomesha

Mnunuzi alitoka Morogoro na fuso lake, akafungua kiroba cha kwanza, akachukua punje mbili akazitia ulimini. Akatema. Akafungua cha pili na cha tatu, kisha akapitisha kiganja chini ya cha nne na kumwonesha mjomba mkono wake ulivyolowa. "Chumvi hii chungu, mzee wangu, na inalia. Nikiipakia leo, nikifika Chalinze nusu yake nimeimwaga barabarani." Akaondoka na gari tupu. Viroba vile mia moja na arobaini nilikuwa nimevivuna mimi.

Ilikuwa 2009, msimu wangu wa kwanza kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kemia nilifaulu vizuri. Mjomba alikuwa amesafiri kwenda msibani, akaniachia majaruba manne, yale mabwawa madogo ya kuvunia chumvi, yaliyokaribia kuvunwa. Nami nikafikiri hivi: chumvi inapatikana maji yakikauka, basi nikiyaacha yakauke yote, hadi tone la mwisho, nitapata nyingi zaidi. Nikangoja siku sita za ziada. Kweli ilikuwa nyingi, ikameta kama vioo. Nikaita vijana wakakomba hadi udongo.

Mjomba hakunikaripia mbele ya watu. Jioni alinipeleka kwenye jaruba la mwisho, akachota kwenye kitako cha tuta maji kidogo yaliyobaki, mazito kama mafuta ya kupikia. "Onja." Nikaonja. Ulimi ulikufa ganzi kwa uchungu, uchungu wa dawa ya tumbo. "Haya ndiyo maji machungu. Chumvi ikishatua chini, haya yanamwagwa, yanarudi baharini. Wewe umeyakausha juu ya chumvi, umeivisha shuka la uchungu."

Usiku ule ndipo nilipofunua daftari langu la kidato cha tatu. Somo lilikuwemo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: vitu vilivyoyeyuka katika maji havitoki pamoja, kila kimoja hutoka kikifika kikomo chake. Nililiandika, nikalijibia mtihani, na sikuwahi kuliona.

Tangu hapo nimeliona kila mwaka. Lita 1 ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za vitu vilivyoyeyuka, na katika hizo gramu 27 hivi tu ndizo chumvi tunayoijua jikoni, kloridi ya sodiamu. Nyingine ni magnesi, kalsiamu, potasiamu na salfeti. Maji yakipungua hadi karibu nusu, chokaa huanza kutua, ile ile ya mawe ya matumbawe yaliyojengewa magofu ya Kaole, mji wa kale jirani na Bagamoyo. Yakifika kama moja ya tano, hutua jasi, ile ya plasta anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Kwenye mabwawa yetu ya kati hujenga gamba gumu linalokata nyayo. Chumvi yenyewe haianzi mpaka maji yafike karibu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Magnesi hubaki hadi mwisho kabisa, na kloridi yake ndiyo chungu. Tena ina tabia nyingine: hunyonya unyevu ulio hewani hadi ikayeyuka yenyewe. Ndiyo maana viroba vyangu vililia. Hakuna aliyevimwagia maji. Viliyavuta kutoka katika upepo wa Bagamoyo.

Kwa hiyo tuna mabwawa ya ngazi ngazi. La kwanza kubwa la kupokea maji ya bahari, ya kati ya kuyakausha na kuyaachisha chokaa na jasi, kisha majaruba madogo ya kuvunia. Mjomba alijua wakati wa kuhamisha maji kwa kuyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na hakukosea. Mimi nilinunua hidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, chenye digrii za Baumé, mfamasia wa Kifaransa aliyekibuni 1768. Kikisoma 25 na nusu, chumvi imeanza. Kikifika 29, mwaga maji machungu, usingoje. Siku ya kwanza nilipokileta, mjomba alisugua maji yake akasema, "Bado kesho." Kipimo kilisoma 24 na kidogo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya matokeo.

Kosa la pili lilikuwa la mwezi. Bwawa la kupokelea liko juu, ukingoni mwa mikoko, na maji ya kawaida hayalifikii. Linajazwa na bamvua tu, yale maji makuu yanayojaa kupita kawaida. Mwaka uliofuata mjomba aliniachia kazi ya kupanga vibarua wa kufungua mlango wa maji na kuziba matuta. Nilikuwa na kalenda ya dukani ukutani. Nilijua bamvua huja kila baada ya wiki mbili, nikazungushia duara kila Jumamosi ya pili hadi mwisho wa mwaka. Jumamosi ya kwanza maji yalijaa hadi magotini. Ya pili, sawa. Ya tatu na ya nne yaliingia kwa uvivu. Ya tano vibarua sita walikaa juu ya tuta kuanzia asubuhi, maji yakaja, yakasimama hatua kumi kabla ya mlango, yakageuka. Niliwalipa wote kwa siku ya kukaa.

Mjomba akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu tarehe ya kalenda.

"Mwezi wa juu, baba, ninaouliza ni wa juu. Leo mwezi kumi na tatu. Maji yako yatafika Jumanne."

Jumanne yakafika.

Nilikaa na kalamu. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo kati ya bamvua na bamvua ni siku 14 na robo tatu. Mimi nilihesabu 14 kamili. Kila mzunguko niliacha robo tatu ya siku nyuma, na baada ya mizunguko minne nilikuwa nimewahi kwa siku tatu nzima. Hapo nikaelewa kwa nini wazee wa pwani hawashughuliki na kalenda ya ukutani. Tarehe za Kiislamu zinafuata mwezi wenyewe, na anayejua leo ni mfungo gani na siku ya ngapi anajua bahari ikoje bila kutoka nyumbani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia husimama katika mstari mmoja, mvuto wa jua ukaongezeka juu ya ule wa mwezi. Siku moja au mbili baadaye ndipo bamvua linapopea. Mwezi ukiwa nusu, jua linavutia upande mwingine na kuupunguzia mwezi kazi yake. Hayo ni maji mafu, nasi siku hizo hutengeneza matuta.

Kilichonisumbua muda mrefu ni kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja. Shuleni tuliambiwa tu kwamba mwezi huvuta maji. Kama huvuta, upande wa pili wa dunia, usiouelekea, kwa nini nako maji yajae? Jibu nilipewa na mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe. Alichora duara mchangani kwa ncha ya fimbo. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Maji yaliyo karibu nao huvutwa kuliko kitovu cha dunia, na kitovu cha dunia nacho huvutwa kuliko maji ya upande wa nyuma. Kwa hiyo ya mbele hutangulia, ya nyuma huachwa, na pande zote mbili huvimba. Dunia inazunguka ndani ya vimbe hizo mbili. Kwa kuwa mwezi nao unasogea, hatuzikuti baada ya saa 12 kamili ila saa 12 na dakika 25, na ndiyo maana maji ya kesho huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko ya leo. Na jua, kubwa lote lile, kwa kuwa liko umbali wa kilomita milioni 150 na mwezi uko kilomita 384,400 tu, nguvu yake kwenye maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Alipomaliza alifuta mchoro kwa kiatu, akapanga bei ya chumvi. Nilimpunguzia.

Hapa kwetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwake ni karibu na saa nne. Makubwa zaidi ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kuna siku ambazo jua hupita utosini mwa Bagamoyo. Simamisha mpini wa reki wima kwenye jaruba, ungoje saa sita ipite kidogo. Kivuli kinajikunja hadi kinaingia chini ya mpini na kutoweka. Nimewaonesha watoto wengi jambo hili, na kila mara wapo wanaoinama kuutazama mchanga kwa karibu, wakitafuta kilikokwenda.

Kuhusu upepo nina machache, kwa sababu kila mtu wa pwani anayajua. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi bara la Asia likiwa limepoa, na kusi hushika baada ya hapo. Watu hudhani chumvi ni kazi ya jua. Mimi nasema upepo una sehemu kubwa vile vile. Niliweka kijiti chenye alama kwenye bwawa la kati, na siku ya jua kali iliyotulia, hewa nzito, maji yalishuka kidogo kuliko siku ya mawingu mepesi yenye upepo mkavu. Mvuke ukikaa juu ya maji bila kuondolewa, mwingine haupati pa kwenda. Ni kama kanga kwenye kamba. Jambo jingine nililoliona kwa kijiti kile: maji yakishakuwa makali, hukauka polepole kuliko mabichi, kwani chumvi huyashikilia.

Msimu wetu huanza masika yakiisha, na mjomba hakuangalia tarehe hata kwa hilo. Aliangalia kilimia. Kile kikundi cha nyota hupotea katika mwanga wa magharibi wakati wa mvua za Aprili na Mei, kikaonekana tena mashariki kabla ya alfajiri mnamo Juni, mbingu zikiwa kavu. Wahenga walisema: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nuru ya nyota zile imesafiri zaidi ya miaka 400 hadi ilifike jicho la mwenye jaruba. Nilipomwambia mjomba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi ilipotoka huko, hakuwepo mtu hapa wa kuvuna." Nikamwambia Kaole palikuwa na watu. Akatabasamu akaridhika.

Mvua ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Vuli la mwaka 2011 liliwahi. Majaruba sita yalikuwa na chumvi chini, kina cha vidole viwili, na juu yake maji makali. Mawingu yakaja kutoka baharini, radi ikapiga. Nilihesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, tisa, yaani kilomita tatu, kwani sauti huenda kilomita moja kwa kila sekunde tatu hivi. Nikawaita vijana wote na mareki: kombeni, okoeni mnachoweza! Mvua ikatukuta katikati. Tuliingia, tukakanyaga, tukavuruga, tukakomba. Tulichotoa kiliyeyukia kwenye toroli. Kilichobaki kiliyeyukia kwenye jaruba.

Jirani yetu wa jaruba la pili, bibi mmoja mjane ambaye mimi nilimwona amezubaa, alikaa kwenye kibanda chake hadi mvua ikatulia. Kisha akatoka taratibu, akaenda kwenye mlango wa jaruba lake, akaondoa ubao wa juu peke yake. Maji yakamiminika kwa juu juu, membamba kama karatasi. Baada ya saa moja akaurudisha ubao. Chumvi yake ilikuwa pale pale chini, nyeupe.

Nilimwendea. "Shikamoo, bibi. Umefanyaje?"

"Marahaba, mwanangu. Maji ya mvua mepesi, haya ya chumvi mazito. Usipoyavuruga, hayachanganyiki upesi. Ya mvua yanakaa juu, nami nimeyaaga."

Lita 1 ya maji yaliyoshiba chumvi ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ya mvua kilo 1. Hilo pia lilikuwa kwenye daftari langu, chini ya neno densiti, pamoja na mchoro wa yai linaloelea. Yule bibi hakusoma shule hata siku moja, na jaruba lake lilinusurika mbele ya macho yangu. Nilirudi nikamwomba radhi moyoni kwa kumwona amezubaa, na tangu hapo kila mlango wa jaruba letu una mbao tatu zinazotoka moja moja.

Nimalize ya kemia kwa jambo moja ambalo watoto hulipenda. Tukiwasha magogo yaliyoletwa na maji, moto wake una ndimi za manjano kali. Ni sodiamu. Ukitupa ukufi wa chumvi kwenye jiko la mkaa utaiona rangi hiyo hiyo, na ndiyo ile ya taa za zamani za barabarani. Sodiamu yenyewe, aliyoitenga mkemia Humphry Davy huko London mwaka 1807, ni metali laini inayokatika kwa kisu na kuripuka majini. Klorini ni gesi ya kuua. Zikishikana, ndicho kitu tunachokitia kwenye wali. Sijapata bado kuzoea jambo hili, na sitaki kulizoea.

Sasa la mwili wa mtu. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu karibu lituondolee mtoto.

Mwaka 2014 mtoto wa dada yangu, mwaka mmoja na nusu, alishikwa na kuharisha. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Dada alikuwa kazini Dar es Salaam, mama yuko msibani, tulikuwa mimi na mtoto. Nilikumbuka maji ya chumvi na sukari. Nilikumbuka kwamba ni chumvi na sukari, ila kiasi sikukumbuka. Nikasema moyoni: mtoto amepoteza chumvi nyingi, na chumvi kwetu ndiyo isiyokosekana. Nikachukua jagi la lita moja, nikatia vijiko viwili vikubwa vya chumvi yetu wenyewe na kijiko kimoja cha sukari. Nikaanza kumnywesha kwa kijiko. Akatapika. Nikaendelea.

Jirani yetu ni muuguzi. Alikuja kuulizia kelele, akachukua kikombe kwanza kabla ya kumgusa mtoto, akaonja, akayamwaga yote mlangoni. "Kaka, onja." Nikaonja. "Sasa lamba mkono wako hapa, umetoka jasho. Haya uliyompa yamezidi jasho, yamezidi machozi. Maji haya yasizidi chumvi ya machozi. Ukionja ukaona yamezidi machozi, usimpe mtoto."

Alichanganya upya mbele yangu, mikono yake ikienda haraka: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa kwa ubapa wa kisu, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Kisha tukampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, ambako walimpa pakiti za ORS zilizopimwa tayari, ambazo ni bora kuliko mchanganyiko wa nyumbani, na vidonge vya zinki vya kutumia siku kumi.

Kitandani jirani palikuwa na mtu mzima aliyetundikiwa dripu. Nilisoma maandishi ya mfuko: kloridi ya sodiamu, asilimia 0.9. Gramu 9 kwa lita. Nilikaa pale nikiutazama mfuko ule usiku kucha. Damu yetu ina ukali wa kiasi hicho. Bahari ina 35. Nilichompa mtoto kilikuwa kinaelekea bahari.

Na nilikuwa najua chumvi hufanya nini! Nimemwona mjomba tangu nikiwa mdogo akipasua papa, akimfukia katika chumvi usiku, asubuhi sanduku limejaa maji na papa amekuwa mkavu kama ubao. Chumvi ikiwa nyingi upande mmoja wa utando, huvuta maji ya upande wa pili. Bakteria wa kuozesha samaki nao hunyonywa maji yao wakafa, ndiyo maana ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, hukaa miezi. Maji yale makali yakifika kwenye utumbo wa mtoto yangemfanyia vile vile: yangeyavuta maji ya mwilini mwake kuja tumboni. Kwa sababu hiyo pia mtu aliyepotea baharini akinywa maji ya bahari hufa upesi zaidi. Figo haziwezi kutengeneza mkojo mkali kama bahari, kwa hiyo huchota maji ya mwili ili kuitoa chumvi aliyokunywa.

Kwa nini basi sukari? Hili muuguzi alinieleza asubuhi, mtoto akiwa amekojoa kwa mara ya kwanza. Katika ukuta wa utumbo kuna kama milango inayoipitisha sodiamu pale tu inapoingia pamoja na glukosi, na zikipita, maji huzifuata. Milango hii huendelea kufanya kazi hata mtu akiwa anaharisha vibaya. Mwanabayokemia Robert Crane aliieleza mwaka 1960, na mwaka 1971, kwenye kambi za wakimbizi kutoka Bangladesh waliokimbilia India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu za kipindupindu, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Kijiko changu kimoja cha sukari kwa viwili vikubwa vya chumvi kilikuwa kinyume kabisa cha dawa.

Mtoto alipona. Yuko darasa la sita sasa, na ndiye anayenisaidia kusoma hidromita siku za likizo.

Baada ya hapo niliingia katika jambo la madini joto kwa bidii, kwani chumvi tunayoiuza inagusa maisha ya watu. Hapa pwani husikika sana kwamba chumvi ya bahari ina madini joto yake yenyewe, ya kuongeza ni ya nini. Haina ya kutosha. Ayodini, ndiyo hayo madini joto, katika lita 1 ya maji ya bahari haifiki hata moja ya kumi ya miligramu, na chumvi ikitua huacha sehemu yake kwenye maji yanayomwagwa. Samaki na mwani wanayo, ndiyo maana sisi wa ufukweni hatuoni watu wengi wenye uvimbe shingoni. Lakini chumvi yetu inapanda hadi nyanda za juu kusini, ambako mvua imeosha ayodini ya udongo kwa maelfu ya miaka. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nimepiga hesabu, kwa miaka 70 ni kama gramu nne tu, zisizojaza kijiko cha chai. Kwa kukosa hizo, tezi ya shingo huvimba ikitafuta, na mama mjamzito akizikosa, ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Tunanyunyiza potasiamu ayodeti kwa bomba la mgongoni, tunageuza kwa koleo, tunageuza tena. Wanaonunua nawaomba: fungeni kopo, msianike juani, na mtie chumvi chakula kikikaribia kuiva, kwani joto na unyevu huyapoteza madini hayo.

Mjomba, aliyekuwa amekula chumvi nyingi, alitutoka miaka mitatu iliyopita. Mama yangu, dada yake, naye ana presha. Aliposikia kwenye kliniki kwamba apunguze chumvi, alinuna kwa wiki nzima. "Baba yangu ameniozesha kwa chumvi, nimewasomesha kwa chumvi, leo chumvi adui?" Sikubishana naye. Nilimwomba achote ukufi anaotia kwenye mchuzi wa watu wanne, nikaupima kwenye mizani ya dukani: gramu 31, kabla ya ng'onda hajaingia sufuriani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Nikampeleka ghalani, nikamwonesha kiroba cha chumvi chungu nilichokiweka tangu mwaka ule wa kwanza, nikamwambia apitishe kiganja chini yake. Chumvi ikizidi mwilini, nikamwambia, huyashikilia maji kwenye damu, damu ikawa nyingi kwenye mishipa ile ile, na moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi. Aliutazama mkono wake uliolowa, akaufuta kwa upande wa kanga.

Siku hizi anapima kwa kijiko cha chai, anazidisha ndimu na ukwaju, na vidonge vyake havimpiti. Ng'onda hajaacha, wala sijamwambia aache. Humloweka usiku kucha akabadilisha maji mara tatu, na yale ya mwisho huniita niyaonje, nimwambie kama yamezidi machozi.